Kama Jana

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amenipa daftari lake la hesabu lenye kurasa zilizobaki tupu. Kasema, "Andika humu mambo ya kazini, mama, ili ukirudi usitugombeze sisi." Mtoto wa miaka kumi na minne! Basi naandika.

Barua ilisomwa saa mbili asubuhi mbele ya wafanyakazi wote wa mtambo wa maji, watu kumi na mmoja na paka. Mimi, niliyekaa meza ya pampu miaka kumi na moja, sasa ni Kaimu Msimamizi kwa miezi mitatu, hadi mvua zitakapokwisha, ndipo "atakapothibitishwa au vinginevyo." Meneja alilisoma hilo "vinginevyo" taratibu kuliko maneno mengine yote.

Mkuu wa zamu ya asubuhi, tunayemwita Sauti kwa sababu hajui kunong'ona, alipiga makofi mawili. Niliyahesabu. Kiti hiki alikuwa amekwisha kukikalia moyoni, na ni mkubwa wangu kazini kwa miaka tisa. Fundi wa pampu, yule Kimya, hakupiga hata moja. Alikuwa akijifuta grisi vidoleni kana kwamba barua inasomwa mtaa wa pili.

Msimamizi aliyestaafu tulimwita Jicho. Sifa yake ilienea mji mzima: aliyatazama maji ya mto mara moja tu, akasema shabu itiwe kiasi gani. Shabu ndiyo inayoyashikanisha matope yakazama. Ikipungua, watu wanakunywa tope. Ikizidi, maji yanakuwa machachu. Sisi wengine tunahitaji mashine ya kupimia tope na glasi sita mezani. Yeye jicho lake lilitosha.

Ameniachia koti lake la buluu lenye neno MSIMAMIZI mgongoni. Linanifika chini ya magoti na mikono yake inameza vidole vyangu. Mume wangu, ambaye cherehani ndiyo ofisi yake, alilitandaza kitandani akauliza, "Nikate au nikunje?"

"Kunja," nikasema. "Nisipothibitishwa nitalirudisha."

Alinitazama juu ya miwani, akakunja.

Jumanne, 4 Machi

Tope 12. Jua kali.

Jumatano, 5 Machi

Kama jana.

Nimecheka nilipoandika hivyo, kwa sababu ndiyo sala yetu ya kiangazi. Kanuni inasema kila zamu ishuke vidato mia moja na kumi na viwili hadi mlango wa mto, ichote ndoo, ipande nayo, ipime. Lakini wakati wa jua mto haubadiliki wiki tatu, kwa hiyo watu wanakaa kivulini na kwenye kitabu cha zamu wanaandika "kama jana." Kurasa na kurasa. Mimi pia nimeandika, nisijitakase. Jicho alikuwa akisaini bila kuinua kichwa.

Ijumaa, 14 Machi

Kikao cha wasimamizi, makao makuu. Wanaume tisa na mimi. Chupa ya chai ilipoletwa, Meneja alinisogezea na kusema, "Mama yetu, tusaidie." Kila mmoja akanyoosha kikombe. Nilimimina. Mkono wangu ulimimina kabla kichwa hakijaamua, na hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Wakati namimina, waligawana ratiba za mvua, na mtambo wangu ukawekwa wa mwisho kupata gari la akiba.

Nimerudi mtamboni nikiwa natokota. Nimeingia ofisini nikampigia kelele msafishaji wetu, "Mama Glasi, chai!"

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya kwanza, ya dakika kumi. Tope 31.

Nimekusanya wakuu wa zamu, nimewaambia "kama jana" imekwisha. Kila zamu ishuke, ichote, ipime.

"Dada," akasema Sauti, na ukuta ukasikia, "mto huu tuliujua kabla hujaajiriwa. Ukikohoa tunasikia huku juu."

"Basi shuka ukaupe pole, kaka."

Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka. Jioni nikasikia nimepata jina jipya: Bi Vidato.

Alhamisi, 20 Machi

Tope 44.

Jumatatu, 24 Machi

Tope 60. Bomba la shabu limeziba, limezibuliwa. Nimemsalimu Kimya, kaitikia kwa nyusi. Nimemweka nambari moja kwenye orodha ya wasionitakia mema. Sauti angalau nasikia anachofikiri, na mtaa wa tatu nao unasikia.

Ijumaa, 28 Machi

Mama Glasi ni yule mama anayeosha glasi za maabara. Kwenye karatasi ni "msafishaji." Ana miaka kumi na tisa hapa na sijawahi kumwona ameketi. Leo wakati ananiwekea kikombe mezani amesema, "Maji ya leo yananuka majani mabichi, mwanangu. Huko juu kunanyesha."

"Asante, mama. Sukari kidogo."

Saa tisa tope lilikuwa 95.

Jumatano, 2 Aprili

Tope 110. Magoti yananiuma. Kila zamu nashuka mwenyewe kuhakikisha ndoo imechotwa. Wananiangalia kutoka juu. Mmoja anahesabu vidato kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Nikifika juu wanashangilia. Nimetabasamu. Sijui kwa nini natabasamu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mume wangu anauliza kwa nini nasaga meno nikilala. Nimemwambia ni mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Leo kila mtu alikuwa mwema kwangu, nami nilifurahi kama mtoto.

Sauti alileta karanga, akanikaribisha barazani wanapokaa. Akasimulia jinsi Jicho alivyoteleza siku moja akaanguka ndani ya tangi la maji safi, na mji ukaendelea kunywa. Nilicheka hadi machozi. Kwa mara ya kwanza tangu Machi niliketi nao na hapakuwa na kimya cha ghafla nilipokaribia. Saa nane akanisogezea kitabu cha zamu, kidole chake kimefunika mstari nusu.

"Saini hapa, Kaimu, usijisumbue na ngazi. Tope limetulia."

Niliona. Nitakuwa muongo nikisema sikuona. Iliandikwa "kama jana," na wino haukuwa umekauka. Lakini mvua ilikuwa imekatika, karanga zilikuwa tamu, na nilichoka kuwa Bi Vidato. Nikasaini.

Alhamisi, 10 Aprili

Simu ya kwanza ililia saa kumi na moja alfajiri. Maji ya mji mzima yamekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Hapa palinyamaza, lakini huko juu mvua iliendelea kunyesha. Jana saa nane mto lazima ulikuwa umefika kama tope 400, na sisi tukatia shabu ya tope 110, kama jana. Matope yakapita matangi bila kuzama, yakaziba machujio mawili, mengine yakaenda kwenye mabomba. Hospitali wamelazimika kuchemsha kila tone. Shule ya binti yangu imefungwa kwa siku moja. Amerudi nyumbani akasema wenzake wanasema mama yake ndiye aliyechafua maji. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Tumeosha machujio tangu alfajiri hadi saa kumi jioni. Kimya alikuwa ndani ya tope hadi kifuani. Sauti alikuwa na udhuru wa mgongo.

Ijumaa, 11 Aprili

Makao makuu. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa kwenye saini yangu.

"Hii ni saini yako?" Meneja akauliza.

"Ni yangu."

"Ndiyo maana wengine tulisema, mwanamke tumwonee huruma, tusimtwishe mzigo wa mvua kubwa." Aliyasema kwa upole, na upole wenyewe ulinikera kuliko tusi.

Nilikuwa nimejiandaa kusema aliyeandika ni Sauti. Neno lilinifika kwenye ulimi nikalimeza. Aliandika yeye, lakini aliyekuwa na wajibu wa kukataa ni mimi. Badala yake nikaomba vitabu vya miaka iliyopita viletwe, na karani akavileta. Tukafungua Aprili ya mwaka juzi: "kama jana," saini ya Jicho, maji machafu siku tatu. Tukafungua miaka minne nyuma: "kama jana," saini ya Jicho, maji machafu wiki nzima.

"Na hizi ripoti zilisemaje?" nikauliza.

Karani akasoma: "Sababu: mvua kubwa."

"Ya kwangu itaandikwaje?"

Meneja akafunga kitabu. Karani, kijana mwaminifu, alikuwa na nakala mkononi akaisoma kabla hajazuiwa: "Sababu: udhaifu wa usimamizi."

Nimepewa onyo la maandishi. Kosa lingine moja na "vinginevyo" ndiyo itakuwa jibu langu. Niseme wazi humu, kwa kuwa kwingine siwezi: nakitaka kiti hiki. Nakitaka kwa uchu kabisa. Si kwa sababu ya mshahara wala koti. Naijua kazi hii, na nimechoka kuwaangalia watu wanaoijua nusu wakiifanya kwa sauti kubwa.

Jumamosi, 12 Aprili

Mume wangu alipika. Binti yangu alikula, kisha akauliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilisaini kitu ambacho sikukipima."

"Kwa nini?"

"Nilitaka wanipende."

Alifikiri. "Hata mimi nilimpa mwenzangu kazi yangu ainakili, kwa sababu hiyo hiyo." Akasogeza kiti chake karibu na changu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimenunua kalamu nyekundu. Nimefuta maneno "kama jana" kila ukurasa wa mwezi huu na pembeni nimeandika "haikupimwa." Mahali penye saini yangu pia.

Sauti alisimama mlangoni akiangalia. "Unatuanika."

"Nimeanza na mimi."

Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Alishuka vidato vyote mia moja na kumi na viwili akivilaani kimoja kimoja.

Jumanne, 22 Aprili

Tope 180. Imepimwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Tope 210. Imepimwa. Sauti anazungumza na mtu kwa simu nyuma ya stoo kila mchana. Nikikaribia anasema, "Haya mzee, baadaye." Ni Jicho. Najua ni Jicho. Mtambo una wasimamizi wawili, mmoja ana koti na mwingine ana simu.

Jumatano, 30 Aprili

Leo nimemsikia binti mmoja wa mafunzo akimwambia Mama Glasi, "Bibi, niletee chai." Nikageuka nimkaripie. Mdomo ukabaki wazi. Nani alimfundisha? Tangu siku ya kile kikao nimekuwa nikimwita hivyo hivyo, mara tatu kwa siku, mama aliyenipita umri kwa miaka kumi na mitano. Mkuki kwa nguruwe.

Nimekwenda jikoni nikajimiminia mwenyewe. Nikammiminia na yeye. Aliipokea kwa mikono miwili, akabaki amesimama, hajui aketi wapi.

Jumatatu, 5 Mei

Tope 260. Mvua siku ya tatu. Meneja amepiga simu: kesho saa tano wageni wa wizara watazindua tangi jipya la mjini, bomba litafunguliwa mbele ya kamera. "Maji yasikatike hata dakika moja. Unanielewa, mama?" Nimeelewa.

Jumanne, 6 Mei

Nataka kuandika yote kabla hayajageuka hadithi ya mtu mwingine.

Saa mbili asubuhi nilishuka mwenyewe. Vidato kumi vya chini vilikuwa vimezama. Mto ulikuwa mwekundu, na haukuwa na kelele za kawaida. Ulikuwa ukisaga. Nilipanda na ndoo, mashine ikafika mwisho wake, 1000, ikaganda hapo. Tukapanga glasi sita, kila moja shabu yake, kuanzia kidogo hadi nyingi. Tukakoroga, tukasubiri nusu saa. Siku zote kuna moja ambayo matope yanazama na juu panabaki peupe. Leo hakuna iliyotua. Hata ya sita.

Maji yasiyotua hayasafishiki. Yakiingia yanajaza matangi, yanaziba machujio yote, yanaua pampu, na mji unakaa bila maji wiki mbili, hospitali ikiwemo. Ukiufunga mlango wa mto, mji unakunywa akiba ya matangi, inayotosha muda wa saa nane au tisa hivi. Mto ukishuka kabla ya hapo, umepona. Usiposhuka, mji umekauka mbele ya kamera za wizara.

Mungu anajua nilisitasita. Onyo lilikuwa kwenye droo. Nikasema, "Tupime tena."

Saa tatu unusu gari la Meneja likaingia uani. Alikuwa na suti mpya na viatu ambavyo havikujua tope.

"Sitaki kusikia habari za kufunga hapa," akasema kabla ya salamu.

"Glasi hazijatua, Bwana Meneja."

"Jicho hakuwahi kufunga siku ya wageni."

"Tumuulize mwenyewe," akasema Sauti. Simu ilikuwa tayari mkononi. Akaiweka mezani, kati ya glasi, sauti juu, ili wote tusikie nikiaibishwa. Ikalia mara mbili.

"Mzee, maji yamefika elfu. Huyu Kaimu anataka kufunga. Unasemaje?"

Tulisikia redio nyumbani kwa Jicho, kisha ikazimwa.

"Glasi?"

"Hazijatua. Zote sita."

"Na Mama Glasi anasemaje?"

Tuliangaliana. Sauti akainama juu ya simu. "Nani, mzee?"

"Mama Glasi! Hayupo? Amefariki?"

"Yupo. Lakini mzee, tunauliza maji..."

"Na mimi naulizia maji, mpumbavu wewe. Miaka kumi na tisa sijatia shabu ya mvua kabla hajaniambia. Mnadhani mimi nilikuwa naona nini kwenye maji? Macho yangu yenyewe mabovu tangu ujana. Muulizeni."

Wote tukageuka. Alikuwa amesimama pale kwenye sinki, kitambaa begani, glasi moja mkononi. Hakushangaa. Aliifuta, akaiweka chini taratibu, akaja mezani. Hakuitazama mashine. Alichovya vidole kwenye ndoo, akavisugua, akanusa.

"Huu si udongo wa juu," akasema. "Udongo wa mashamba unateleza. Huu una mchanga mzito, na unanuka kama udongo wa chini ya nyumba. Ukingo umekatika huko juu. Niliuona mara moja tu, mwaka ule pampu mbili zilipokufa. Kinachokuja nyuma yake ni magogo." Akaniangalia mimi, si Meneja. "Funga, mwanangu. Funga sasa hivi, usisubiri glasi."

"Kwa nini hukusema mapema?" Meneja akafoka.

"Yule mzee alikuwa akiniuliza. Hawa hawajaniuliza."

Aliposema "hawa" alikuwa bado ananitazama.

"Hatufungi," akasema Meneja. "Nakuamuru, mama. Wageni wako njiani. Hatuwezi kuendesha mtambo kwa pua ya msafishaji."

Nilidhani nitapiga kelele. Badala yake nilipoa kabisa. Nikachukua kitabu cha zamu, nikafungua ukurasa wa leo, nikauweka mbele yake pamoja na kalamu nyekundu.

"Sawa, Bwana Meneja. Andika hapa: 'Nimeagiza mlango usifungwe.' Saa, tarehe, saini. Nitatii."

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Mara ya mwisho humu ilisomwa saini. Ilikuwa yangu."

Aliitazama kalamu. Saa ya ukutani ilikuwa ikisikika, na mto nao. Aliishika, akaigeuzageuza kama mtu anayetafuta imetengenezwa wapi. Kisha akaiweka chini na kutoka nje kupiga simu.

"Funga," nikasema.

Sauti akabonyeza swichi ya mlango wa mto. Taa haikubadilika. Akabonyeza tena. Mota ilikuwa imekwisha kuzama. Ilibaki kufungwa kwa gurudumu la mkono, chini, ambako vidato vimezama.

Sikuwa nimemwona Kimya akiondoka mlangoni. Alirudi na kamba mbili. Moja akajifunga kiunoni, nyingine akanirushia. Buti za kazi nilizopewa, za kiume namba arobaini na tatu, nilizivua zote mbili nikashuka miguu mitupu, maana ndani yake ningeteleza nikafa. Sauti alishika ncha za kamba juu, akaziviringisha kwenye nguzo, akakita mguu ukutani. Mgongo wake mbovu ulipona ghafla.

Maji yalitufika mapajani. Gurudumu lilikuwa limekaza. "Shika upande ule," Kimya akasema. Nilikaribia kuliachia kwa mshangao wa kusikia ana sauti. "Kwa tatu. Moja, mbili." Tulisukuma. Tulisukuma hadi nikaona nyota mchana. Lilisogea kidole kimoja, kisha kiganja, kisha likakubali. Mizunguko arobaini na miwili, tulihesabu pamoja. Tulipomaliza na kuanza kupanda, gogo la kwanza lilipiga mlango wa chuma chini yetu na ngazi nzima ikatetemeka. La pili likafuata. Kimya alinisukuma mgongoni kwa mkono mzima, juu, juu, haraka.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Saa tano bomba la mjini lilifunguliwa mbele ya kamera. Maji yalitoka meupe, ya akiba. Saa kumi jioni mto ulianza kushuka. Saa kumi na moja na robo glasi ya tano ilitua. Mama Glasi aliinyanyua kwenye mwanga na kusema, "Haya," kama mtu anayemaliza kufua.

Tukafungua. Akiba ilikuwa imebaki ya saa moja na nusu.

Jumatano, 7 Mei

Mji haujui kitu. Kazi yetu ikienda vizuri haina habari.

Nimemkuta Kimya kwenye pampu. Nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia nilimdhania ananichukia.

Amekaza boliti mbili kwanza. "Mke wangu alikuwa kaimu," akasema. "Kiwandani. Miaka miwili kaimu, kisha wakamleta mtu. Alirudi kwenye mashine yake ya zamani, yule mtu akawa anamwuliza kazi inafanywaje. Nilidhani na wewe watakutoa. Sikutaka nikuzoee."

Nimefuta jina lake kwenye ile orodha. Kwa kweli orodha yenyewe nimeichana.

Alhamisi, 15 Mei

Ripoti imetoka. "Mtambo ulifungwa kwa wakati kufuatia maelekezo ya Meneja." Sauti aliisoma barazani kwa sauti yake yote, hadi paka akahama. Kisha akasema, "Muongo mkubwa!" Nimeshtuka kuona amekasirika kwa ajili yangu. Pengine ni kwa ajili ya kamba zake.

Jumatatu, 19 Mei

Tope 70. Kwenye kitabu cha zamu, penye neno "Amepima," nimeandika majina matatu ya Mama Glasi. Ilinibidi nimwulize. Miaka kumi na moja namfahamu, sikuyajua. Kaimu hana uwezo wa kupandisha cheo, nimesoma kanuni zote, lakini ana uwezo wa kupanga zamu. Nimempanga mpimaji mkuu wa maji ya msimu wa mvua, na nimewaandikia makao makuu kudai cheo chake. Glasi zinaoshwa kwa zamu na wote. Sauti amevunja mbili.

Ijumaa, 30 Mei

Barua imefika. Niliifungua nimesimama.

"Kutokana na mazingira, utaendelea kukaimu kama ilivyokuwa, hadi itakapoamuliwa vinginevyo."

Nimeisoma mara tatu. Sikulia, nilitaka kulia lakini hasira iliwahi. Miezi mitatu, vidato mia moja na kumi na viwili, mara tatu kwa siku, na mtu amekaa mahali pakavu akaandika "kama ilivyokuwa" bila kushuka kupima.

Nimechukua kalamu nyekundu. Chini ya barua yao nimeandika "haikupimwa," nikaambatisha nakala za kitabu cha zamu, tarehe 10 Aprili na tarehe 6 Mei, zenye kosa langu na kazi yangu. Nikaandika kwamba kuanzia tarehe moja Julai mtambo utakuwa na msimamizi aliyethibitishwa, au mimi nitarudi meza ya pampu na wao waje kushika gurudumu. Sitakaimu mvua nyingine.

Niliwasomea barazani kabla ya kuituma. Sauti alikuna kichwa. "Mimi kile kiti nilikitaka," akasema, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti. "Bado nakitaka, nisikudanganye. Lakini nilikuwa juu, nimeshika kamba. Lete kalamu." Akasaini chini ya jina langu. Kimya akasaini. Mama Glasi akaandika majina yake matatu, polepole, yakachukua mstari mzima.

Jumamosi, 31 Mei

Hakuna jibu. Nilijua halitakuwepo upesi, na huenda lisiwe zuri.

Nimerudi na koti begani. Pindo za mikono zimefumuka tangu ile siku ya mto. Mume wangu alilitandaza tena kitandani, akalisugua kwa kiganja, akauliza bila kuinua macho, "Nikunje upya?"

"Kata."

"Ukikata hutaweza kuwarudishia."

"Najua."

Binti yangu alishika upande mmoja wa kitambaa ili kisiteleze. Mkasi ulikwama pale mwanzoni, kwa kuwa kitambaa cha koti lile ni kigumu, na ilimbidi baba yake asimame kwanza aunoe.